Mfupa Ndani ya Titi

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la ajira. Kazini walimwita Randa, na alijitakia mwenyewe. Siku yake ya kwanza maabara, walipomwonyesha mashine ya kukatia nyama zilizogandishwa kwenye nta, aliitazama ikienda na kurudi, akasema, "Kumbe ni randa tu." Baba yake alikuwa seremala. Alikulia kwenye vumbi la mbao, na tangu utotoni alijua kwamba ubapa mkali hupita kimya na ubapa butu hulalamika. Wenzake walicheka, na jina likamganda.

Hiyo ilikuwa miaka ishirini na miwili nyuma. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka, na dirisha lake lilitazama mtambo wa umeme na ukuta. Mle ndani mlinuka nta ya moto na ile dawa kali ya kuzuia kuoza, ambayo mgeni akiivuta mara moja machozi yanamtoka. Randa hakuisikia tena. Nyama iliyotolewa kwa mgonjwa ilikuja kwenye kichupa, ikakamuliwa maji kwa spiriti, ikaloweshwa kwenye nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda, unabaki na kibonge kama kipande cha sabuni kilichokwisha, nyama ikiwa katikati. Randa alikikata kibonge hicho kwa mashine, vipande vyembamba hata ukivipulizia pumzi vinapotea. Alivielesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akavipakua kwa kioo, akavitia rangi mbili, waridi na zambarau. Kazi yake ikaishia hapo. Kusoma kioo chini ya hadubini na kusema mtu anaumwa nini ilikuwa kazi ya Daktari.

Wagonjwa hakuwajua. Aliwajua kwa namba. Mama mkwe wake, aliyeishi nao nyumbani, aliwahi kuwaeleza majirani kwamba mkwe wake anakata nyama hospitali, na Jumamosi moja mwanamke wa mtaa wa pili akabisha hodi akiwa na kikapu, akauliza kama maini bado yapo. Mume wake Randa, fundi wa kufuli, mtu asiyecheka ovyo, alilazimika kuingia chumbani akajifungia.

Jumanne moja asubuhi Randa alifunga kwenye mashine kibonge chenye nyuzi tatu za nyama, zilizovutwa kwa sindano. Karatasi ilisema: mwanamke, miaka arobaini na minne, uvimbe mgumu titi la kushoto, miezi mitatu iliyopita ukubwa wa harage, sasa ukubwa wa limau. Kwa kawaida nyama ya titi ni laini, mafuta matupu, na shida yake kubwa kwenye wembe ni kuteleza. Akazungusha gurudumu la mashine. Badala ya ule mnong'ono aliouzoea, akasikia mkwaruzo.

Akasimamisha. Mkanda wa nta uliotoka kwenye wembe ulikuwa umechanika katikati, kama kitambaa kilichonaswa kwenye msumari. Akabadilisha wembe, akijua wembe wa kwanza ulikuwa mpya. Akazungusha tena. Mkwaruzo ukarudi pale pale.

"Mfupa," alijisemea, kisha akajisahihisha, maana titi halina mfupa.

Jambo la kwanza analofikiri mtu wa kazi ile ni kwamba vichupa vimebadilishana. Siku hiyo hiyo ya kupokelewa ililetwa pia sampuli ya goti la mgonjwa wa wodi ya mifupa. Randa akaenda kwenye rafu. Mfupa haukatwi ukiwa mgumu. Hulowekwa kwenye tindikali siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo uingie kwenye nta. Kichupa cha goti kilikuwa bado hapo, na kipande chake cha mfupa kimelala chini, hakijaguswa. Akaenda dirisha la mapokezi, kwa Karani.

"Kaka, Alhamisi iliyopita ulipokea titi na goti. Uliyapokea pamoja?"

"Kuna nini?" Karani aliinua kichwa taratibu. Alikuwa mtu wa kujipenda katika kazi yake, kalamu tatu mfukoni, kila moja na kofia yake.

"Nauliza tu."

"Dada, mimi miaka tisa hapa sijachanganya hata kichupa cha mkojo. Goti lilikuja saa mbili. Titi lilikuja saa tano, na aliyelileta alisaini. Tazama mwenyewe."

Randa akatazama. Ilikuwa hivyo. Akamwomba radhi, naye Karani akakubali kwa mdomo, kwa macho bado.

Alikilaza kibonge kifudifudi kwenye pamba yenye tindikali, saa nzima, ili uso wake ulainike. Mara hii wembe ukapita ukinung'unika kidogo, akapata vipande vinne vizima. Akavitia rangi, akavipeleka kwa Daktari.

Daktari alikuwa mmoja kwa hospitali tatu. Alifika kwao saa tatu asubuhi, akaondoka saa nane, na katikati ya hapo alisoma vioo kama mtu anayepukuchua mahindi, bila kuinua kichwa. Mbaya hakuwa. Alikuwa amechoka uchovu ule usioondoka kwa kulala. Randa alibaki amesimama mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake.

"Huu ni mfupa," Daktari alisema.

"Ni lile titi, Daktari."

"Kibanzi cha goti kimerukia. Hutokea." Alikuwa ameshashika kalamu. "Warudie sampuli."

"Goti halijakatwa bado."

"Basi kibanzi cha mfupa mwingine. Wiki hii umekata mifupa mingapi?"

Alikata miwili. Hakuweza kubisha. Daktari akaandika mstari mmoja: sampuli imeingiliwa na tishu nyingine, irudiwe. Randa akaichukua karatasi, akaipeleka kwa Karani kuchapwa, akarudi kwenye beseni lake la maji.

Kurudia sampuli kulimaanisha foleni, na foleni ya chumba cha sindano ilikuwa wiki tano. Randa alilijua hilo kama alivyojua njia ya kwao. Uvimbe uliotoka harage kwenda limau kwa miezi mitatu, kwa wiki tano utakuwa nini? Hata hivyo alikaa kimya Jumanne iliyobaki, na Jumatano nzima. Kulikuwa na mpaka kati ya meza yake na meza ya Daktari, na mpaka huo haukuandikwa popote, ndiyo maana ulikuwa mgumu kuuvuka. Yeye ni wa kukata. Kusoma si kwake. Kweli, miaka ishirini na miwili alikuwa akichungulia kila kioo kabla ya kukitoa, kuhakikisha rangi imekolea, na jicho halikatazwi kujifunza. Lakini kujua na kuruhusiwa kusema ni vitu viwili.

Jumatano jioni, mezani, mume wake alimuuliza kwa nini anatafuna tonge moja muda wote huo. Akamweleza, kwa ufupi, bila namba wala wodi.

"Ukimwambia atakufanya nini?" mume aliuliza.

"Hatanifanya kitu. Atanitazama."

"Sasa si akutazame."

Mama mkwe, ambaye masikio yake yalisikia alichotaka tu, akasema kutoka upande wa pili wa meza, "Mimi kama ni titi langu, ningetaka useme." Kisha akaomba apitishiwe chumvi.

Alhamisi alifika kabla ya wengine. Akakitoa kibonge kabatini, akakilaza tena kwenye tindikali. Alichotaka kufanya hakuagizwa na mtu, na kilikuwa na hatari yake. Nyuzi zile zilikuwa nyembamba kama uzi wa kufumia, na kila unachokata hakirudi. Akizidisha, atamaliza nyama yote, na hapo hata angekuwa sahihi hakuna ushahidi. Hoja yake ilikuwa moja. Kibanzi kilichoruka kutoka kwingine hulala juu ya nyama au pembeni, na katikati huacha mwanya, hata uwe mdogo vipi. Kilichoota hakina mwanya.

Akakata, akatazama. Akakata tena. Kipande cha tano, mfupa peke yake. Cha saba kilichanika. Uzi wa tatu aliuona unaanza kufifia ndani ya nta, umebaki kivuli. Cha tisa akakielesha, akakitia rangi, akakiweka chini ya hadubini yake kuukuu yenye lenzi moja iliyopasuka.

Upande mmoja kulikuwa na mirija ya maziwa, vishada vyake anavyovijua. Kuizunguka, seli zilizovimba, nyeusi tii, zimebanana ovyo. Na seli zile zile, bila mpaka wala mwanya, zilikuwa zimejitandaza ndani ya kitu kigumu cha rangi ya waridi, kila moja imejichimbia kishimo chake. Mfupa mchanga. Haukurukia hapo. Ulitengenezwa hapo.

Saa tatu Daktari hajavua hata koti, Randa akaweka kioo mbele yake.

"Ni lile titi la Jumanne. Nimekata zaidi. Sikukuomba ruhusa."

Daktari akamtazama, kama Randa alivyotabiri. Kisha akatazama kioo. Akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia, akabadilisha lenzi, akarudi. Korido ilianza kujaa sauti za watu na magurudumu ya vitanda. Muda ukapita, ambao kwa kawaida angesoma vioo sita.

"Ulikata vingapi?"

"Tisa."

"Kilichobaki?"

"Kidogo. Uzi wa kwanza bado upo."

Daktari akanyanyuka akatoa kitabu kinene rafuni, akafungua karibu na mwisho, akakiacha wazi mezani bila kukisoma. "Nimeuona mara moja tu," alisema. "Nilikuwa mwanafunzi. Mwalimu wetu alikipitisha kioo darasani, kila mtu dakika moja, akatuambia tutazame vizuri kwa sababu hatutauona tena." Akavua miwani. "Ni kansa ya titi, lakini imebadili sura. Seli za titi zinasahau kazi yake, zinaanza kujenga mfupa. Karatasi yangu ya Jumanne iko wapi?"

Karatasi yake ya Jumanne ilikuwa imeshachapwa, imeshatiwa muhuri, na Karani, ambaye hakulaza kazi, alikuwa amempigia mgonjwa simu asubuhi hiyo hiyo kumwambia arudie.

Ijumaa saa tatu na nusu mgonjwa alikuwa dirishani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkoba wa vitabu begani na vumbi la chaki kwenye upindo wa mkono. Alifundisha hesabu sekondari na alikuwa ameomba ruhusa ya vipindi viwili tu. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtesa Karani zaidi.

"Nataka kumjua aliyepoteza nyama yangu," alisema.

"Haijapotea, Mwalimu, imeingiliwa na..."

"Imeingiliwa na nini? Na nani?"

Karani akageuka kutafuta msaada. Randa alikuwa anapita na sinia ya vioo. Angeweza kuendelea kupita. Aliweka sinia chini.

"Haijapotea, dada yangu. Ipo. Nimeikata mwenyewe."

Mwalimu akamgeukia. "Sasa narudia ya nini?"

"Hurudii. Ile simu ilitangulia. Tulikuwa tunakutafuta tangu jana mchana, simu yako haipatikani."

"Huwa naizima nikiwa darasani." Akashusha mkoba begani. "Kwa hiyo jibu lipo."

"Lipo. Lakini si mimi wa kulitoa."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, polepole. Mtu aliyezoea hesabu hahitaji uandike kila hatua. "Lingekuwa zuri ungelitoa," alisema.

Randa akafungua mlango wa pembeni, ambao wagonjwa hawapiti, akamwingiza, akampa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto uliofungwa kwa utepe. Kisha akaenda kumwita Daktari, ambaye miaka mingi alikuwa akizungumza na wagonjwa kwa maandishi tu.

Daktari alikuja na kioo mkononi, bila sababu, kama mtu aliyebeba kofia. Alisema moja kwa moja. Ni kansa. Si ile ya kawaida.

"Si ya kawaida kiasi gani?" Mwalimu aliuliza. "Kati ya wenye kansa ya titi mia moja, wangapi wana hii?"

"Hata mmoja hatimii."

"Basi mimi ni desimali."

Daktari alikosa pa kuweka mikono. Randa, aliyekuwa amesimama karibu na beseni lake, alijikuta anapanga vioo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Na huo mfupa ndio unaoua?"

"Mfupa wenyewe, hapana. Ni seli zinazoutengeneza. Zinakua haraka, na zile dawa tunazozoea mara nyingi hazizitii. Ndiyo maana ni vizuri tumejua mapema. Wengine huanza na dawa, uvimbe upungue, ndipo wapasue. Wewe ningetaka uanze na kisu."

"Titi lote?"

"Lote, nadhani. Mpasuaji atakueleza."

Mwalimu akatoa kalamu nyekundu, akaandika mambo mawili matatu mgongoni mwa daftari la mwanafunzi. Akauliza tarehe. Daktari akasema kibonge lazima kipelekwe maabara kubwa zaidi, yenye rangi maalumu za kuonyesha seli zimetoka wapi, na jibu huchukua wiki mbili. Lakini hakungoja. Alimpigia mpasuaji simu pale pale, akapanga siku, jibu likija likute kitanda kimeshapatikana. Jibu likaja siku ya kumi na tatu. Liliafiki alichosema Daktari.

Wiki moja baadaye titi lililetwa maabara kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Randa alikuwa amepokea mengi ya namna hiyo na hakuwahi kujiuliza lolote. Safari hii alisoma namba, akaisoma tena, akavaa glavu. Kazi ilikuwa ile ile. Alipaka kingo wino wa rangi ili ijulikane juu ni wapi na chini ni wapi. Daktari akakata, yeye akashika. Kisu kilipogusa uvimbe, kilitoa sauti ya kukanyaga maganda ya mayai. Walitafuta tezi za kwapani kwenye mafuta, kidole kwa kidole, wakapata kumi na nne. Zote zilikuwa safi. Kingo nazo zilikuwa safi. Daktari aliandika ukurasa mzima, na kabla ya kusaini akamsomea Randa kwa sauti, kama anayeuliza.

Nyumbani aliwaambia tu kwamba yule mgonjwa amepasuliwa. Mama mkwe akauliza kama ni mtu wa kijijini kwao, Randa akasema hapana, si wa kwao.

Jambo lililomkaa rohoni halikuwa lile titi. Ilikuwa ile siku moja na nusu. Na nyuma yake kulikuwa na miaka, vibonge maelfu, na mara ngapi alichungulia kioo akaona kitu hakijakaa sawa, akakifuta vizuri, akakipeleka, akanyamaza? Hakuweza kuhesabu. Hakuna mtu aliyemuuliza, wala hakuwa na wa kumjibu.

Mwaka uliofuata, shule zikiwa zimefunga, Mwalimu alikuja maabara bila miadi. Nywele zilikuwa zimerudi, fupi. Alikuwa ameshapigwa mionzi, na dawa za mshipani pia, ambazo zilimnyoosha kweli kweli bila mtu kuwa na hakika zimesaidia kiasi gani.

"Nimekuja kuuona huo mfupa," alisema.

Randa akafungua droo, akapitisha kidole kwenye namba, akakitoa kioo cha tisa. Mwalimu akainama kwenye hadubini, akafumba jicho moja, kisha la pili, akarudi kwenye la kwanza.

"Naona waridi na zambarau tu."

"Kuna mshale. Umesimama wapi?"

"Kwenye kitu kama njia za mchwa."

"Hiyo ni mirija ya maziwa. Sasa nakisogeza. Umeona hicho cha waridi, kina vishimo?"

"Mbona kimejipanga vizuri hivi," Mwalimu alisema, bado ameinama. Kisha, "Wewe ulijuaje?"

"Kilikwaruza wembe." Randa akafunga droo. "Nilikaa siku moja na nusu kabla ya kusema. Bora ulijue hilo."

Mwalimu akainua kichwa, jicho limebaki na duara la lenzi. "Siku moja na nusu."

"Ndiyo."

"Nina wanafunzi wanamaliza mwaka mzima wakijua jibu, hawanyooshi mkono." Akachukua mkoba wake. "Vioo hivi mnavitunza muda gani?"

"Sheria inasema miaka kumi. Vingine tunavisahau humo humo."

Huu sasa ni mwaka wa nne. Mwalimu anapimwa kila baada ya miezi sita, na mapafu, ambako ugonjwa huu hupenda kukimbilia, mpaka kipimo cha mwisho yalikuwa safi. Hakuna anayemwahidi zaidi ya hapo, naye haombi. Daktari alistaafu. Aliyekuja badala yake ni mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake Randa, na kabla hajakaa huuliza, "Mama, leo umeona nini?" Randa humwonyesha kioo kimoja au viwili alivyoviweka kando. Mara nyingi si kitu. Mara nyingi ni uchafu, au rangi haikukolea, au wembe umeisha makali, na Daktari mpya hucheka kidogo, huandika, na kuchukua kioo kinachofuata.